Jozi mbili ndogo, zitupeni

 

Wiki iliyopita kaka mmoja wa kundi letu aliandika kwamba kwenye Omaha mtu akigawiwa jozi mbili hatakiwi kuzitupa, hata zikiwa ndogo namna gani. Eti jozi mbili ni milango miwili, mmoja ukifungwa mwingine uko wazi. Wengi walimpongeza. Mimi nilinyamaza siku tatu. Leo naandika kumpinga. Nampinga kwa heshima maana ni mkubwa kwangu na ndiye aliyetufundisha huu mchezo, lakini nampinga kabisa.

Ingekuwa tunachezea maharage ningeacha. Mchezo ni mchezo. Lakini hapa Nakivale, nyuma ya kibanda cha kuchaji simu, maharage tuliyaacha zamani. Siku hizi tunachezea silingi, na hizo silingi kila mtu anajua zinatoka wapi. Ni pesa ya mgao, ambayo yenyewe imepunguzwa. Ni pesa ya kufua nguo za watu. Ni pesa ya mama aliyeuza nusu ya unga ili anunue sabuni na chumvi. Sasa mtu akikuambia usitupe mkono fulani kamwe, hakufundishi karata tu. Anaelekeza unga wa mama yako uende wapi.

Kwa wasioujua mchezo, nieleze haraka. Kila mmoja anapewa karata nne za siri. Mezani zinafunguliwa karata tano za wote: kwanza tatu kwa pamoja, hizo tunaziita flopu, halafu ya nne, halafu ya tano. Mwisho unatengeneza mkono wa karata tano. Mbili lazima zitoke kwako, tatu lazima zitoke mezani. Si moja na nne, si tatu na mbili. Mbili na tatu, basi. Pesa zinazowekwa katikati tunaziita poti, na huruhusiwi kuweka mara moja zaidi ya kilichomo kwenye poti. Ndiyo maana mchezo unaitwa Omaha ya kiwango cha poti. Jozi mbili ndogo ni kama 4-4-3-3, au 6-6-2-2. Nikisema ndogo nasema zote mbili ziwe kati ya 2 na 7.

Sasa tuanze.

Kosa la kwanza la kaka yetu ni jina lenyewe. Tunasema "nina jozi mbili" kana kwamba tayari tumefika mahali. Hujafika popote. Kanuni inasema utumie karata mbili tu za mkononi. Ukishika 4-4-3-3, ama unatumia 4 mbili, ama 3 mbili, ama 4 moja na 3 moja. Jozi zako zote mbili kwa pamoja huwezi kuzitumia hata siku moja. Niliona kijana mmoja mpya akiruka kwa furaha mezani palipofunguka 9-9-K, yeye ana 4-4-3-3. Alidhani ana utajiri. Alikuwa na 9 mbili na 4 mbili, mwisho. Yeyote mwenye 9 moja mkononi alikuwa na 9 tatu. Alilipa mpaka karata ya tano, ndiyo akaelewa.

Hebu hesabu vizuri. Karata nne za mkononi zinatoa njia sita za kuchagua mbili. Mwenye J-10-9-8 ana njia sita tofauti: J na 10, J na 9, J na 8, 10 na 9, 10 na 8, 9 na 8. Kila njia inaweza kutengeneza ngazi yake. Wewe mwenye 4-4-3-3 unazo sita kwa idadi, lakini nne kati ya hizo ni kitu kilekile, 4 na 3. Yaani una njia tatu tu, na zote tatu ni dhaifu. Umekaa mezani na nusu ya mkono ukipambana na wenye mikono mizima.

Kosa la pili ni kudhani kitu kinachopatikana kwa nadra lazima kiwe na thamani. Hili naliona sana kwetu. Kasha la karata 52 linatoa mikono 270,725 ya karata nne. Kati ya hiyo, yenye jozi mbili za aina yoyote ni 2,808, yaani mara moja katika 96 hivi. Zile ndogo ninazozisema, kati ya 2 na 7, ni 540 tu, yaani mara moja katika 501. Sasa mtu amekaa saa nne anagawiwa takataka, ghafla anaona 6-6-3-3. Moyo unaruka. Anasema hii Mungu kanipa mimi.

Basi nikuulize: ukigawiwa 2-2-2-2 je? Mkono wa karata nne zinazofanana unapatikana mara moja katika 20,825. Ni nadra kuliko jozi mbili mara nyingi sana. Na ukiupata ni mkono mbovu kuliko yote kwenye Omaha, maana unatumia 2 mbili tu, na hakuna 2 nyingine iliyobaki duniani ya kukusaidia. Unashika nne zote kumbe umejifungia mlango mwenyewe. Kwa hiyo nadra si thamani. Thamani ni kile ambacho mkono utalipwa ukishinda, toa kile utakacholipa ukishindwa.

Kosa la tatu ndilo kubwa, na hapa lazima niwe mkweli kwa sababu kaka yetu ana hoja. Anasema jozi mbili zinapata seti mara nyingi, yaani karata ya tatu inayofanana na jozi yako. Ni kweli. Ukiwa na jozi moja tu katika Omaha, flopu inakupa seti au zaidi kama mara 12 kwa mia. Ukiwa na jozi mbili, ni mara 23 kwa mia. Karibu mara mbili. Hesabu yake haina kosa. Kosa ni kwamba amesimama hapo. Amehesabu mara ngapi utapata seti, hakuhesabu seti ya nini.

Ukiwa na 4-4-3-3 na flopu ikaleta 4, mara nyingi zile karata mbili nyingine zitakuwa kubwa kuliko 4. Hiyo ndiyo seti ya chini. Nani mwingine anaweza kuwa na seti hapo? Tuchukue mezani K-9-4. Mchezaji mmoja aliyegawiwa karata zozote tu anaweza kuwa na Kingi mbili au 9 mbili kama mara tatu na nusu kwa mia. Ni ndogo, sivyo? Lakini mbele yako wako watatu. Inakuwa mara 10 kwa mia. Wakiwa watano inafika 16. Na hapo nimehesabu kana kwamba kila mtu anaingia na chochote. Sivyo ilivyo. Mwenye takataka ametupa, mwenye Kingi mbili amebaki. Kwa hiyo idadi ya kweli ni juu ya hapo.

Seti yako ikikutana na seti kubwa, unaokolewa na karata moja tu, ile 4 ya mwisho. Karata mbili bado hazijafunguliwa, kwa hiyo una nafasi kama moja katika 20. Na mpaka uje ujue hivyo, pesa zimeshaondoka.

Sisemi ya kusikia. Nasema ya kwangu.

Ilikuwa usiku, mwezi wa mgao. Tulikuwa wanne. Kila mtu aliweka 500, hakuna aliyepandisha, poti ikawa 2,000. Nilikuwa na 4-4-3-3. Flopu: Kingi, 9, 4. Rangi tatu tofauti. Moyo ukanipiga mpaka nikaogopa wenzangu watausikia. Nikaweka 2,000. Wawili wakatupa, mmoja akalipa taratibu bila kuniangalia. Poti 6,000. Ya nne ikaja 7. Nikaweka 6,000. Akalipa tena. Poti 18,000. Ya tano ikaja 2.

Sasa angalia mezani: K-9-4-7-2. Hakuna ngazi inayowezekana hapo. Hakuna rangi moja inayowezekana. Hakuna fulu hausi. Mkono bora kuliko yote ni Kingi tatu, halafu 9 tatu, halafu 7 tatu, halafu mimi. Mimi ni wa nne. Na wakati ule kitu ndani yangu kilijua. Nikagonga meza, nikapita bila kuweka. Yeye akasogeza 18,000.

Kwa sekunde kama kumi nilijiuliza swali ambalo ningejiuliza kabla ya kuweka hata ile 500 ya kwanza. Nani atalipa poti mbili halafu aweke 18,000 akiwa na kitu kibovu kuliko changu? Labda mwenye Kingi na 9. Labda mwenye 2 mbili aliyechanganyikiwa. Lakini yule si mtu wa kuchanganyikiwa. Nikasema moyoni, "Lakini seti haitupwi." Nikalipa. Akafungua Kingi mbili, na Kwini na 10 pembeni.

26,500. Mimi nilikuwa na miaka 21. Ile pesa ilikuwa ya posho na kuni za wiki mbili, mama alinipa nimtunzie kwa sababu mlango wetu haufungi vizuri. Nilimwambia imeibwa. Hilo ndilo sijalisema mpaka leo, na leo nimelisema kwenye kundi, kwa hiyo kabla sijaandika haya nilikwenda kwanza kumwambia yeye. Hakunifokea. Aliuliza tu, "Uliishika mkononi halafu ukaiacha mwenyewe?" Nikasema ndiyo.

Turudi kwenye hesabu, maana machozi hayamshindi mtu kwenye mabishano.

Tuseme unafuata kanuni ya kaka yetu. Unacheza jozi mbili ndogo mara 100, kila mara 500, meza ya watu wanne. Mara 77 flopu haikupi seti, unatupa. Hapo umeacha 38,500. Zimebaki mara 23 za kurudisha. Kila moja inatakiwa irudishe kama 1,670. Unaona rahisi, kwa sababu za wenzako tayari ziko 1,500 kwenye poti. Hapa ndipo watu wanapoacha kalamu na kwenda mezani.

Endelea. Katika zile 23, mara mbili unakutana na seti kubwa kama mimi, na ukilipa mpaka mwisho unapoteza 26,000 kila mara juu ya ile 500. Ni 53,000 kwa jumla. Jumla ya shimo sasa ni 91,500, na mara 21 zilizobaki lazima kila moja ikuletee zaidi ya 4,300. Lakini ukiweka 2,000 kwenye flopu na wote wakatupa, unapata 1,500 tu. Ili upate zaidi lazima mtu akulipe. Na nani anakulipa? Ukiwa na seti ya chini, wanaokulipa poti tatu mfululizo mara nyingi ni wale wanaokupiga, au wale ambao karata moja tu imewatenga na kukupiga.

Hao wa pili nao tuwaangalie. Flopu ni 9-8-4, rangi tofauti. Wewe una 4-4-3-3, umefurahi. Mwenzako ana J-10-7-6. Hana jozi hata moja. Lakini kila Q, J, 10, 7, 6 au 5 inamkamilishia ngazi. Ukihesabu zilizobaki ni karata 20. Nimekaa na kalamu nikapiga hesabu mpaka karata ya tano: yeye anashinda kama mara 54 kwa mia, wewe 46. Yaani una seti, yeye hana chochote, na yeye ndiye anayetangulia! Wenye seti kubwa nao wanasumbuliwa na mikono ya namna hii, sikatai. Lakini wao wanapopata fulu hausi yao inasimama. Yako haisimami.

Kwa nini haisimami? Rudi kwenye K-9-4, tuseme ya nne ni Kingi nyingine. Umepata fulu hausi, 4 tatu na Kingi mbili. Mtu wa Texas Hold'em angecheza ngoma. Kwenye Omaha, mwenye K na 9 anakupiga. Mwenye K na 4 anakupiga. Mwenye 9 mbili anakupiga. Mwenye Kingi mbili anakuzika kabisa. Na wote hao ni watu ambao walikuwa na sababu ya kubaki tangu flopu. Kila mtu mezani ana karata nne, kwa hiyo kila mtu ana njia sita. Kitu kidogo hakilindwi na chochote.

Na kumbuka poti inavyokua. Wawili mkiwekeana poti nzima kila hatua, inazidishwa mara tatu kila mara: 2,000, 6,000, 18,000, 54,000. Kwa hiyo mkono wa kuutaka ni ule ambao ukifika kwenye 54,000 bado ni mkubwa. Jozi mbili ndogo zinashinda poti za 2,000 na kupoteza poti za 54,000. Ukihesabu ushindi, utasema nimeshinda mara nyingi. Ukihesabu mfuko, utakuta hewa.

Najua kaka yetu alikoipata kanuni yake. Anacheza kwenye programu ya simu, ile ya chipu za bure. Kule watu sita wanaingia kila mkono, na mtu mwenye jozi moja ya Esi analipa mpaka mwisho kwa sababu kesho anapewa chipu nyingine. Kule seti ya 4 inalipwa vizuri kweli. Chipu za bure zinamfundisha mtu kwamba dunia nzima italipa. Lakini mtu anayeshika pesa ya mgao wa familia halipi na jozi moja. Anatupa. Anayebaki ni yule mwenye kitu.

Sasa, sitaki niseme uongo upande wa pili. Kuna wakati jozi mbili ndogo zinachezeka. Zikiwa 7-7-6-6 na rangi zake ni mbilimbili, kwa mfano kopa na shupaza tu, mkono una ngazi na una rangi pembeni. Hiyo ni tofauti na 6-6-2-2 ya rangi nne. Ukiwa wa mwisho kuzungumza, bei ni ndogo na hakuna aliyepandisha, unaweza kuchungulia flopu. Mkiwa wawili tu mezani, seti ya chini ni kitu kikubwa, maana nafasi ya yule mmoja kuwa na seti juu yako ni ndogo. Lakini hata hapo sharti ni moja: uwe mtu anayeweza kutupa seti. Uione 4 imeanguka, ufurahi, halafu mtu akikujibu kwa poti mbili ukubali kuiacha. Kama huwezi, na wengi wetu hatuwezi, basi tupa kabla ya flopu. Tupa pale ambapo kutupa kunagharimu 500 au hakugharimu kitu.

Na hapa ndipo ninapotaka kusema kitu ambacho si hesabu.

Sisi hatujui kutupa. Angalieni nyumba zetu. Kopo la mafuta limekuwa ndoo, halafu taa, halafu kipimo cha maharage. Gunia la mgao limekuwa pazia. Turubai iliyochanika imeshonwa na kushonwa tena. Tulikuja na kile mkono ulichoshika, na tangu siku ile tunashika kila kitu, maana kitu kidogo kimeshatuokoa mara nyingi. Mimi nasifu hilo. Mama zetu wametulea kwa hilo.

Lakini ukikaa mezani na tabia hiyo, umekwisha. 4-4-3-3 inakuja na sura ya vitu vyetu: vidogo, viwili viwili, vimepangwa vizuri. Mkono unasema usinitupe, nitakusaidia kesho. Kaka yetu alipoandika kwamba jozi mbili hazitupwi, ndiyo maana watu wengi walimpongeza. Aligusa mahali. Hakugusa kichwa, aligusa ule uchungu wa kuacha kitu. Na mtu mwenye Kingi mbili upande wa pili anakula kwa uchungu huo huo.

Kutupa mkono mdogo si woga, wala si kumkufuru Mungu aliyekupa. Nimemwona mzee mmoja hapa, zamani aligawa karata kwenye kasino ya Kampala. Anacheza nasi mara moja moja. Anatupa, anatupa, anatupa, anakunywa chai. Vijana wanamcheka. Mwisho wa usiku anaondoka na hela ya kila aliyemcheka. Siku moja alifungua mkono anaoutupa ili tuuone: 5-5-2-2. Akasema tu, "Huu ni wa wageni."

Sasa neno kwa dada na kaka wa mashirika. Mlikuja mwaka jana na mkutano chini ya hema, mkatuambia kamari ni mbaya, mkakusanya kasha mbili za karata, mkapiga picha. Nia yenu njema, sina shaka. Sheria pia iko upande wenu: sheria ya Uganda ya mwaka 2016 inakataza aliye chini ya miaka 25 kucheza kamari ya pesa, na wengi wetu hatujafika huko. Mimi mwenyewe sijafika. Lakini baada ya ule mkutano meza haikufa. Ilihama ikaenda gizani, na bei ikapanda kutoka 200 hadi 500. Hakuna aliyetuonyesha 23 kwa mia. Hakuna aliyechora 2,000, 6,000, 18,000, 54,000 ubaoni. Kijana akiambiwa "mbaya" anasikia wivu wa wakubwa. Kijana akionyeshwa shimo la 91,500 kwa kalamu yake mwenyewe, hiyo anabeba mpaka nyumbani. Kuna vijana hapa waliokimbia hesabu darasani lakini mezani wanakokotoa sehemu za poti kwa kichwa. Wapeni ubao. Turudishieni maharage na mwanga wa taa, mkae nasi, mtaona.

Na kwako, kaka yangu uliyeandika. Hukunilazimisha kulipa 18,000, hilo najua. Lakini kanuni ilikuwa yako, na mimi niliiamini kwa sababu ni wewe. Wako wadogo zetu wa miaka 17 wanaosoma kundi hili. Kama bado unaamini jozi mbili ndogo hazitupwi, leta hesabu. Si hadithi ya usiku ule uliposhinda na 5-5-3-3, hiyo tumeisikia. Leta mara 100, tuone mara 77 ziko wapi na ile seti ya Kingi umeiweka wapi. Ukinishinda kwa hesabu, nitaandika hapa hapa kwamba nilikosea.

Kabla ya hapo, mimi nimerudi kwenye maharage. Na 4-4-3-3 ikija, naitupa, nakunywa chai.